Kitenzi Chenye Kicheko na Njia Panda ya Komanda

Mna katika lugha ya Kiingereza fungu la vitenzi visivyo na nasaba, ambavyo havikuchukuliwa katika Kilatini cha makasisi wala katika Kifaransa cha mabwana waliotawala Uingereza zamani, bali vilizuka vinywani mwa watu wa kawaida, askari na wachukuzi na wauza samaki, vikapendwa kwa sauti yake kabla ya kupendwa kwa maana yake. Kimoja katika hivyo ni skedaddle, kitenzi ambacho mwanafunzi wa sekondari wa Bunia au wa Komanda aweza kukikuta kitabuni akadhani kwamba mpiga chapa amekosea, maana huanza kwa konsonanti mbili ambazo ulimi wetu haupendi kuzishika pamoja, kisha huteremka kwa mapigo matatu kama ndoo tupu iliyoponyoka juu ya ngazi. Maana yake ni kukimbia upesi na kwa ghasia, kila mtu na njia yake, bila ya utaratibu na bila ya haya, kwa namna inayomfanya atazamaye kwa mbali ashike mbavu.

Hicho kicheko ndicho kilichonifanya nikiandikie sura nzima. Vitenzi vya kukimbia ni vingi duniani, na kila taifa lina vyake. Lakini kitenzi kinachokimbia na kucheka kwa wakati mmoja kinataka kuulizwa kwamba anayecheka ni nani, na yule aliyekimbia alifika wapi.

Tarikhi yake ni hii. Mwaka 1861 Marekani iligawanyika, majimbo ya kusini yakishika silaha ili yabaki na utumwa wake, na siku ya tarehe 21 Julai majeshi ya pande mbili yakakutana mara ya kwanza kwa vita vikubwa kando ya kijito kiitwacho Bull Run, karibu na Manassas katika Virginia, mwendo wa kiasi cha kilomita 40 kutoka Washington. Watu wa mji mkuu walikuwa na yakini ya ushindi hata baadhi yao, wajumbe wa bunge wakiwamo, wakatoka kwa magari ya farasi na vikapu vya chakula ili wakatazame vita kama watu watazamavyo ngalawa za mashindano. Alasiri jeshi la kaskazini likavunjika. Askari wakatupa bunduki na mikoba, magari ya watazamaji yakaziba daraja, na mjumbe mmoja wa bunge kutoka New York, Alfred Ely, akakamatwa na kupelekwa Richmond mfungwa. Magazeti ya mwaka ule yakakieneza kitenzi skedaddle kwa kasi ambayo maneno machache yamepata kuenea, na kukimbia kule kwa Bull Run kukapewa lakabu ya Skedaddle Kuu.

Watu wakacheka, na kicheko kile nakifahamu, kwa sababu bwana aliyevaa kofia ndefu akiacha kuku wake wa kuchoma majanini na kuparamia gari la mwenzake ni kitu cha kuchekesha kwa kila kabila la wanadamu. Lakini siku ileile, katika nyasi zilezile, zaidi ya watu 800 wa pande mbili walikufa, na kitenzi hakikuwataja. Kiliwashika waliofika nyumbani tu. Kitenzi cha kuchekesha kinachohusu mbio hudai sharti moja, nalo ni kwamba mkimbiaji awe amesalimika, awe amelala kitandani mwake usiku ule, na aweze kesho yake kusimulia mwenyewe jinsi alivyopoteza kiatu.

Asili yake wataalamu hawajaafikiana. Wako waliokwenda hata Uyunani wakakuta kitenzi cha kale chenye maana ya kutawanya, wakadhani kwamba mwanafunzi fulani wa chuo alikileta kambini kwa mzaha. Wengine wameelekeza kidole kwenye lahaja za Uskoti na kaskazini ya Uingereza, ambako neno la namna hiyo lilisemwa juu ya maziwa yanayomwagika njiani mtu achukuapo ndoo, au vitu vidogo vidogo vinavyodondoka mzigoni. Mimi naipenda tafsili hii ya pili, ijapokuwa kupenda si hoja, kwa kuwa inatazama chini, kwenye kile kinachobaki barabarani watu wakishapita.

Kina ndugu wengi. Aliye maarufu kwa ucheshi ni absquatulate, aliyezaliwa Marekani katika miaka ya 1830 kwa watu waliojifanya wasomi wa Kilatini, wakachukua neno la kuchutama wakalivisha kiambishi cha mbele na cha nyuma kana kwamba ni istilahi ya mahakama. Maana yake ni kutoweka kwa siri, hasa mtu akiwa na deni au fedha za wenyewe. Zama zile wadeni wa majimbo ya Marekani waliohamia Texas, ambayo tangu 1836 hata 1845 ilikuwa dola mbali, waliacha mlangoni herufi tatu tu za kumwarifu mdai kwamba mwenye nyumba amekwenda huko. Hapa napo kicheko kina msingi, maana aliyekimbia ndiye mjanja na aliyeachwa ndiye mwenye mali.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakina vicheko vyake. Mwizi wa kuku hutimua mbio. Kijana aliyeonwa na baba wa msichana hutoka nduki. Mdeni akiona kilemba cha tajiri wake kwa mbali huingia mitini. Na mwenye kufukuzwa na nyuki hutoka mguu niponye, fungu la maneno ambalo kwalo mtu auomba mguu wake dua kana kwamba ni walii. Mmachinga wa Kariakoo akiona mgambo hukunja turubai lake na bidhaa zote ndani, akachanja mbuga kwa ustadi ambao mwanariadha angeuhusudu, na baada ya saa moja yuko palepale akiita wateja. Sharti nililolitaja limetimia, maana amerudi, na kwa hiyo sisi sote, naye pia, tuna idhini ya kucheka.

Bali linganisha hayo na kutoroka. Pwani ya Kenya katika karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliovunja minyororo ya mashamba ya Malindi na Mombasa, wakakimbilia Witu kwa Sultani Ahmad aliyeitwa Simba, au Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, au misheni ya Rabai, ambako mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Kwa mwenye shamba neno mtoro lilikuwa tusi. Kwa mtoro mwenyewe lilikuwa jina la ushujaa wake wote. Simjui mtu aliyepata kulicheka.

Sasa na twende Komanda.

Komanda ni mji mdogo wa teritwari ya Irumu, katika jimbo la Ituri la Kongo, kiasi cha kilomita 75 kusini-magharibi ya Bunia, na fahari yake na msiba wake ni kitu kimoja, nayo ni njia panda. Barabara ya taifa namba 4 hupanda kutoka Beni, ikavuka Eringeti na Luna, ikafika hapo, ikageukia magharibi kwenda Mambasa, Epulu, Nia-Nia na mwisho Kisangani. Na barabara namba 27 huanzia hapo ikaenda Bunia na Mahagi, mpaka wa Uganda. Kila gunia la mchele au la kakao linalotoka msituni kwenda mashariki, na kila sabuni na bati na betri inayotoka mashariki kwenda msituni, hupita mbele ya vibanda vya Komanda. Walese na Wabira na Wambuti hukutana hapo na Wananda wa biashara, Wahema, Wangiti, na watu wa makabila ambayo hayana shamba Ituri ila yana lori. Na lugha yao ya soko ni Kiswahili.

Kiswahili hicho kilifikaje? Katika miaka ya 1880 misafara ya pembe iliyofungamana na Zanzibar na Umanyema iliingia msitu wa Ituri, wakuu wake wakiwa watu kama Ugarrowwa na Kilonga-Longa, ambao Henry Morton Stanley aliwakuta mwaka 1887 alipokuwa akipita kwenda kumtafuta Emin Pasha. Waliteka pembe na watu, na vijiji vilivyosikia bunduki zao viliachwa vitupu, wenyewe wakiwa wamezama msituni na watoto mgongoni. Baada yao ikaja dola ya Mfalme Leopold na madai yake ya mpira na wachukuzi, ikajenga vituo vyake, ikakikuta Kiswahili cha Wangwana, yaani watu wa misafara ile, kimeenea, ikakitumia. Basi babu wa babu wa mtu wa Komanda alisikia neno kukimbia, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa ulimi wa wale waliomkimbiza. Naliandika jambo hili kwa uchungu kwa kuwa naipenda lugha hii. Na mwenye kuipenda lugha hana budi kuipokea pamoja na nyayo zake.

Tangu hapo neno halikupata likizo. Lilitumika mwaka 1964, katika uasi wa Simba, na wengi wakaishi porini kwa miezi. Lilitumika tena katika vita vya Ituri vilivyoanza 1999, ambavyo mauaji yake yalifika Nyakunde, katikati ya Bunia na Komanda, mnamo tarehe 5 Septemba 2002, yakaingia hata katika wodi za hospitali kubwa ya misheni. Na waliopona, wauguzi na wagonjwa, wakashika njia ya kusini kwa miguu, siku nyingi, hata Oicha. Miaka hii ya karibuni latumika kwa sababu ya wapiganaji wa ADF, kundi lililoanzia Uganda katika miaka ya 1990 likajificha katika misitu ya Beni, kisha likapanda hata Irumu na Mambasa. Serikali iliweka hali ya dharura ya kijeshi juu ya Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi wa Mei 2021; barabara ya Komanda hata Luna ikawa haipitiki ila kwa msafara wenye askari mbele na nyuma, na msafara wenyewe ukashambuliwa mwezi wa Septemba mwaka uleule.

Mtu akitaka kujua kitenzi kinavyofanya kazi, asisome kamusi peke yake, atazame mzigo. Mama wa Irumu anayekimbia huchukua kwanza mtoto wa mgongoni, kisha kadi ya uchaguzi, maana ndiyo kitambulisho chake mbele ya kila kizuizi cha barabara, akaifunga katika ncha ya kitenge pamoja na fedha zilizopo. Godoro huja la tatu, na hapa mgeni hustaajabu kwamba mtu anayeokoa roho yake abebe kitu kikubwa namna ile. Lakini godoro likikunjwa na kukazwa kwa kamba hukaa juu ya kichwa bila ya kulemea, huzuia mvua, hufungiwa ndani sufuria na nguo za watoto, na usiku linalazwa katika darasa la shule au barazani mwa kanisa likawa nyumba ya watu watano. Bidoni ya mafuta ya mawese huning'inia mkononi. Mbuzi hufuata akivutwa, na akikaidi huachwa. Kakao iliyoanikwa uani haibebeki, na mwenye shamba anajua atakaporudi, ikiwa atarudi, mwingine atakuwa ameshaivuna iliyobaki mitini.

Ndiyo maana naona kwamba ustadi wa watu hawa katika kitenzi hiki haukwenda upande wa kuzidisha vicheko, bali upande wa kauli, ambako sarufi ya Kibantu ina utajiri ambao Kiingereza hakina. Kukimbia ni kwenda mbio, naye mtoto akimbiaye mpirani na mzee akimbiaye risasi hutumia neno moja. Lakini Ituri husemwa kukimbia vita, vita vikishika nafasi ya yambwa bila ya kihusishi, kana kwamba ni mtu aliyesimama mlangoni. Kukimbilia huleta mahali, na mara mahali papatikanapo sauti ya msemaji hubadilika, maana anayekimbilia Bunia ana shangazi huko. Kukimbizwa humleta mkosaji bila ya kumtaja jina, jambo lenye busara pale ambapo kulitaja ni hatari. Kukimbizana ni kwa watoto na mbwa, na ndilo pekee katika ukoo huu ambalo Komanda pia lina kicheko ndani yake. Kutoka humo wamezaliwa mkimbizi na kimbilio, la kwanza likiwa jina la mtu katika hati za mataifa, la pili likiwa jina la Mungu katika sala. Katika maneno ya kila siku waliohama bila ya kuvuka mpaka huitwa wadeplase, kwa Kifaransa cha ofisi kilichotiwa kiambishi chetu. Na neno hilo husikitisha kidogo, kwa kuwa lasema kwamba mtu ameondolewa mahali pake kama kiti, wala halisemi kwamba miguu ilikuwa yake na uamuzi ulikuwa wake.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, waumini, wengi wao vijana, walikuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia ya Wakatoliki ya Komanda, iliyopewa jina la Mwenye Heri Anuarite, mtawa wa Kikongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Wapiganaji wa ADF wakaingia. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilitangaza kwamba watu wasiopungua 43 waliuawa, wanawake 19, wanaume 15 na watoto 9. Maduka na nyumba zikachomwa, na wengine wakachukuliwa. Waliokuwa kanisani hawakuwa wamekimbia popote. Walikuwa wamekwisha kufika kimbilioni, kwa maana ya neno jinsi walivyofundishwa tangu katekisimu. Asubuhi yake barabara ya Bunia ilijaa watu na magodoro.

Nauliza basi, kwa insafu, mwalimu wa Kiingereza wa Komanda afanye nini kitenzi skedaddle kinapotokea katika kifungu cha kusoma, nacho hutokea, kwa maana vitabu vya hadithi za watoto hukipenda, na Kiingereza kinazidi kutafutwa Ituri kwa ajili ya biashara ya Uganda na tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022? Darasa lake limejaa wataalamu wa kukimbia. Akiandika ubaoni kwamba maana yake ni kukimbia, amewadanganya mara mbili: amewanyima kicheko cha Kiingereza, ambacho ni haki yao kukijua, na ameliteremsha neno lao zito likae meza moja na mchezo.

Kuna waliosema kwamba maneno ya namna hii yaachwe, yasifundishwe kwa watu wenye majeraha. Siafikiani nao hata kidogo. Watoto wa Komanda hucheka kama watoto wote, na kuwakinga na kicheko ni kuwaongezea dhuluma juu ya dhuluma. Ninachokitaka ni daraja ya usemi. Kiingereza chenyewe kina daraja hiyo, ingawa wenyewe mara nyingi huisahau: mwandishi wa Kiingereza mwenye adabu hawezi kuandika kwamba watu wa Komanda waliskedaddle usiku ule, ataandika flee, neno fupi na la kale, ambalo Biblia yao hulitumia kwa Yusufu na Mariamu wakienda Misri na mtoto. Kitenzi cha kicheko hakisemwi na aliye mbali juu ya aliyefiwa. Mwenye msiba akikisema juu ya nafsi yake, hiyo ni haki yake, na nimewasikia wazee wa Ituri wakisimulia mbio zao za ujana wa 1964 kwa namna ya kuwaliza wajukuu kwa kicheko, jinsi chifu alivyobeba kuku akamwacha mkewe, jinsi mtu mnene alivyopita katika dirisha ambalo kabla ya hapo paka alilishindwa. Walikuwa wamerudi, wamezaa, wamejenga. Sharti lilikuwa limetimia.

Kwa mwenye kutunga kamusi, pendekezo langu ni kwamba mbele ya skedaddle asiweke kukimbia peke yake, bali aweke kutimua mbio na kutoka nduki, na katika daraja ya mzaha zaidi kutoka mguu niponye. Aongeze maelezo kwamba ni neno la mazungumzo, la mtu aliye salama, lisilofaa katika habari ya vita wala ya msiba. Na mbele ya absquatulate aweke kuingia mitini, ambalo linashika vizuri siri na deni. Kukimbia alihifadhi kwa flee, pamoja na kauli zake zote, na kila kauli apewe sentensi yake ya mfano. Chini ya skedaddle mfano uwe wa mmachinga na mgambo, au wa wavulana waliokutwa juu ya mwembe wa jirani huko Irumu, mwenye mwembe akitoka na fimbo, nao wakishuka wote kwa pamoja kutoka tawi moja.